Jani Chini ya Ulimi wa Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na kamati zao, ukame uliukausha mto. Wakaamua kuchimba kisima. Nyati, kwa kuwa alikuwa na sauti nene kuliko wote, akafanywa mwenyekiti.

Nyati akachagua mahali, akakaa kivulini, akaanza kazi ya kufoka.

"Chimbeni! Wavivu nyinyi!"

Ngo! Ngo! Majembe yakagonga mwamba.

"Mzee mwenyekiti," alisema Mama Ngiri, "mimi naona..."

"Kimya! Chimba!"

Siku ya tano walikuja wachimbaji watatu tu. Nyumbani kwa Nyati ulibaki mtungi mmoja wa maji, na mkewe alikuwa ananyonyesha. Akamwendea Pimbi, mdogo wa kuenea kapuni, lakini mwenye akili nyingi.

"Nipe dawa ili wachimbaji wanitii."

"Ipo," alisema Pimbi bila kucheka, akachuma jani. "Weka hili chini ya ulimi, kisha shika jembe uchimbe nao. Jani likidondoka kabla ya maji kutoka, pembe zako zitang'oka."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, mzee."

Asubuhi Nyati akaingia shimoni, kinywa amekifumba. Ngo! Jembe likaruka, mabega yakamwuma. Kumbe kweli ni mwamba!

Wenzake wakangoja matusi. Hayakuja. Adhuhuri Mama Ngiri akathubutu.

"Mzee, kule kwenye matete makavu nilinusa unyevu. Nilitaka kusema tangu siku ya kwanza."

Nyati alitaka kufoka. Akazikumbuka pembe.

"Mmh," alijibu kwa pua, akabeba jembe, akaelekea kwenye matete.

Waliotoroka walisikia kwamba mwenyekiti ametapakaa matope. Wakaja kutazama. Wakabaki kuchimba.

Siku ya tatu ya kuchimba pale, bubu-bubu-bubu! Maji!

Nyati akanywa mpaka jani likateremka tumboni. Akapapasa pembe. Zilikuwepo.

"Pimbi! Lile lilikuwa jani gani?"

"Mchicha, mzee."

Wote wakarudi nyuma hatua mbili. Nyati akaona aibu. Kisha akamgeukia Mama Ngiri.

"Nisamehe, mama. Kisima cha pili tuchimbe wapi?"

Akakaa chini kusikiliza. Jibu lilikuwa refu, naye hakulikatiza.

Basi, wanangu, atakaye kusikilizwa na atangulie kusikiliza.