Jua Lililokula Mnanaa wa Bi Sange

Paukwa!
— Pakawa!
Niwaletee?
— Tuletee!
Na uwongo nitie?
— Tia wa kuungia mchuzi!

Haya, nitatia. Ila atakayenikata kalima, kesho uji wake hauna sukari. Nimeshasema.

Hapo kale, kando ya mto mpana, alikaa Bi Sange. Sange mnamjua? Yule mnyama mdogo kama panya, miguu myembamba, pua ndefu inayochezacheza mchana kutwa ikitafuta harufu. Bi Sange alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti, jina lake Kidawa. Kidawa akaolewa ng'ambo ya mto, upande wa machweo, nyuma ya mlima. Ndoa njema, mume mwema, hakuna la kulalamikia. Ila nyumba ikanyamaza. Bi Sange akawa anapika chakula cha wawili kwa mazoea, kisha anakitazama kikipoa.

Masika mto ule hufurika, na mguu wa sange hauvuki. Kidawa aliweza kuja kwao kiangazi tu, maji yakipungua na mawe yakatokeza. Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani ya mnanaa, mrehani na kotmiri, na mchuzi wa majani yale ndio Kidawa aliokulia tangu anaota meno. Lakini majani huchipua masika, kiangazi hufa. Majani yakija, mtoto hayupo. Mtoto akija, majani hayapo. Dawa yake ni moja: kuyachuma mapema na kuyakausha.

Sasa mwaka uliopita, kabla Bi Sange hajachuma hata shina moja, Ngiri aliingia bustanini akala yote, na mizizi akaichimbua. Kidawa alipokuja akapikiwa mchuzi wa chumvi na maji. Akala taratibu, akafuta mdomo, akasema, "Ahsante sana, mama. Mungu akuzidishie." Kisha akaomba aonyeshwe pa kulala. Bi Sange aliumia, jamani. Mtoto wa nyumba hasemi hivyo kwa mama yake. Hivyo husema mgeni. Mwaka mzima maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akajiapia kwamba mwaka huu Kidawa atakula mchuzi wa kwao, akumbuke kwao ni wapi.

Basi mvua zikakatika. Bi Sange akaingia bustanini, akachuma, chum, chum, chum. Akayakung'uta umande, akayatandaza juu ya ungo, na ungo akauweka chini ya upenu, kivulini, penye upepo. Maana majani ya harufu hayaanikwi juani, jua likiyapiga huyanyang'anya utamu. Akawa anayageuza kwa pua yake, na huku anaimba:

Kauka jani, kauka,
kauka usipotee,
mwanangu yuko ng'ambo,
akija nimpokee.

Mara, gudu! Gudu! Gudu! Ngiri huyo, pembe mbili mdomoni, tumbo mbele.

"Hodi! Naona nimeandaliwa."

"Karibu, Bwana Ngiri," akasema Bi Sange.

"Sikai. Nakula yote, naondoka."

"Kula, bwana. Nani wa kukuzuia? Ila nikuulize, wewe mjuzi wa muhogo. Muhogo mchanga unaung'oa?"

"Mimi mjinga? Naungoja unenepe."

"Kumbe huungoja."

"Kila kitu kikingojwa huongezeka! Muhogo, kiazi, hata mkia wangu."

"Basi na haya bado machanga," akasema Bi Sange, akainamisha pua.

Ngiri akalitazama lundo, akameza mate. Akaliona kichwani mwake limepanda mpaka paa. Angalieni sana hapo: Bi Sange hakusema majani yataongezeka. Mimi sikumsikia. Nyie mlimsikia?
— Hatukumsikia!
Haya.

"Nitakuja kesho," Ngiri akanguruma. "Na likipungua jani moja, nitakukanyaga wewe na kibanda chako."

Kesho yake, gudu, gudu, gudu! Akainama juu ya ungo. Loo!

"Jana lundo, leo kilundo! Nani ameniibia?"

"Sijui, bwana."

"Ni wewe!"

Bi Sange akafungua kinywa, kidogo kama tundu la sindano. Akajipiga tumboni, ti! "Tumbo ndilo hili. Hebu niambie, yale yote yangekaa wapi?"

Ngiri akapima kwa macho. Kweli, hayakai. Akafoka, akapiga chafya, akaenda zake.

Siku iliyofuata, gudu, gudu, gudu!

"Juzi lundo, jana kilundo, leo konzi! Leo siondoki. Leo nalinda mwenyewe!"

Akajitupa kando ya ungo, pu! Akakodoa macho. Hakupepesa, hakujikuna, hata inzi alipomtua puani alimwachia. Majani yakajikunja, chwee. Yakajikunyata, chwee. Hakuja mwizi, hakupita hata sisimizi, na mali inapungua mbele ya macho yake! Jasho likamtoka. Huyu ni kiumbe ambaye tangu azaliwe hajawahi kuweka chakula kikafika kesho, angejuaje kukauka ni nini?

"Bi Sange," akanong'ona, "mwizi huyu haonekani."

"Anaonekana, bwana. Ila ni mkubwa, naogopa kumtaja."

"Mtaje!"

Wakati ule jua lilikuwa linashuka. Bi Sange akanyoosha pua yake ndefu kuelekea mlimani.

"Litazame. Asubuhi lilitoka dogo, limepauka, lina njaa. Sasa linarudi kwake. Likoje?"

Ngiri akatazama. "Jekundu. Tena limevimba!"

"Limekula nini?"

"Limekula mnanaa wangu!" Ngiri akaruka juu. "Tena linakimbilia nyuma ya mlima likajifiche! Nitalishika! Nitalitapisha jani kwa jani!"

Akajitosa mtoni, chubwi! Akatokea ng'ambo, akapotea upande wa machweo, gudu gudu gudu, mpaka kishindo kikaisha. Na jua, maskini, lilikuwa halijayagusa majani yale hata siku moja.

Bi Sange akacheka mpaka akakaa chini. Akatwaa jani akalisugua, krrr, likawa unga, harufu ikajaa ua mzima. Yamekauka. Akayatia kibuyuni, akaziba kwa gunzi. Ndipo akageuka kutazama njia aliyopita Ngiri, na kicheko kikamfia mdomoni.

Upande wa machweo. Nyuma ya mlima. Ni kwa Kidawa.

Alikuwa amelituma lile dude lenye hasira moja kwa moja kwenye njia ya mwanawe.

Tangu siku ile Bi Sange hakulala vizuri. Alikaa ukingoni akitazama maji yanavyopungua, pua imeelekea ng'ambo, haileti habari. Jiwe la kwanza likatokeza, la pili likatokeza, mtoto haji. Hata wimbo hakuuimba tena. Alijiambia kwamba angempa Ngiri majani yote, bustani yote na ungo juu yake, mtoto aje tu, ale chumvi na maji, aseme ahsante mara mia kama apendavyo.

Asubuhi moja alikuwa ameinjika chungu, na kwa sababu hakuwa na la kufanya na mikono yake, akavunjia mrehani ndani. Akasikia mlangoni, tipu, tipu, tipu.

"Mama, hodi! Harufu hiyo nimeipata tangu mtoni."

Kidawa! Mzima, ana vumbi mpaka masikioni, pua inacheza. Bi Sange akamshika, akamgeuza huku, akamgeuza kule, akamhesabu miguu.

"Njiani hukukutana na mtu?"

"Nimekutana na Ngiri, kule mlimani, ulimi nje. Alinizibia njia. 'Umeliona jua? Limekula mnanaa wangu!'"

"Ehe! Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, 'Pole, mjomba, umelikosa kidogo tu! Limepita sasa hivi, linacheua. Kimbia, na mkia uuinue juu, likuone likungoje.' Akainua mkia, akaondoka mbio."

Bi Sange akaketi. "Nani alikufundisha kusema hivyo?"

"Sijui, mama. Nilifungua mdomo yakatoka."

Mama akalia. Alilia kwa furaha, na kwa miaka yote aliyodhani mto umemchukulia mtoto, kumbe mtoto alikuwa amekwenda na nyumba yao mdomoni.

"Sasa ndiyo unalia na mchuzi unaungua?" Kidawa akasema, akamnyang'anya mwiko. "Tena chumvi umetia kidogo. Wewe, mama, tangu zamani!"

Wakala wote wawili chungu kimoja, wakagombea ukoko.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, Kidawa akarudi kwake kabla mto haujajaa, na Bi Sange akamfungashia kibuyu chote. Akasimama ukingoni mpaka asimwone tena. Akanusa viganja vyake, palipobaki vumbi la mnanaa, akavinusa mpaka harufu ikaisha. Kisha akaenda bustanini kupanda.

Na Ngiri? Mpaka leo anakimbia mkia juu. Mkimwona msimcheke, yuko kazini.

Hadithi yangu nimeianika hapo. Ikinukia ni yetu sote, ikivunda ni mimi niliyeianika vibaya.

Sasa funzo, maana wazazi wenu wataniuliza nimewafundisha nini. Uwongo ni mbaya, na kumsingizia asiyekuwepo ni vibaya zaidi. Bi Sange alifanya yote mawili, akapata alichokitamani. Kwa hiyo msimwige. Mwigeni Bwana Ngiri. Yeye huamka mapema, hachoki, anafuata haki yake bila kuuliza maswali mengi. Mmesikia?
— Tumesikia!
Mtamwiga nani?
— Ngiri!
Vizuri. Ila nawaona mnavyochezesha pua.