Mtunzi wa Kanga za Bwana Ghalibu

Mjini Tanga alikuwepo mchora kanga aitwaye Mize, na tajiri mmoja, Bwana Ghalibu, aliyekwisha kuichukua michoro yake na kuiuza kama yake. Safari hii alikuja na mkataba.

"Tia sahihi," alisema. "Kazi zako zote, za jana na za leo, mtunzi ni mimi."

"Picha na maneno?"

"Picha na maneno."

"Basi ongeza kwamba utajibu wewe kwa lolote litakalozuka, asije mtu akanitaja."

Ghalibu alicheka. "Nyinyi wa penseli mna woga kweli."

Akaongeza, Mize akatia sahihi. Ghalibu akauchukua mchoro mpya, akaupeleka kiwandani. Maneno ya kanga hakuyasoma. Kwake yalikuwa umbea wa wanawake.

Kanga zilipotoka, mama mkwe wake, Bi Mwanamvua, aliyekuwa mwenye jengo la duka lake, alisoma: "Mama mkwe mlafi, hata ukoko hasazi." Akamwamuru mkwewe afungashe mizigo, ahame.

Ghalibu alimkimbilia Mize. "Mwambie maneno ni yako."

"Nimwambieje, bwana? Mkataba unasema ni yako. Utanishitaki."

Ghalibu aliuchana mkataba, akaandika mwingine wa kumrudishia michoro yote, akatia sahihi mbele ya mashahidi.

Ndipo Mize alipokwenda kwa Bi Mwanamvua. "Niwie radhi, mama. Maneno yale niliyatunga mimi, na niliyemlenga ni mama mkwe wangu."

Bi Mwanamvua alicheka hadi machozi, akamwacha Ghalibu abaki.

Mize hakuwahi kuolewa.