Nyota Ambayo Mzee Chaula Hakuiona

Nyota ya ugenini haielekezi darubini ya nyumbani. Vijana wa klabu ya anga walimsikia Bi. Fides akimwambia hivyo mwenzao aliyekuwa akifuata maelekezo ya video kutoka nchi ya mbali, wakataka kujua maneno hayo ameyatoa wapi. Bi. Fides, mwalimu mstaafu, akaifunga shali yake, akasema msemo huo si wa kale kama wanavyodhani. Ulizaliwa huku huku Matamba, wilayani Makete, nyumbani kwa mzee mmoja, na chanzo chake ni hiki.

Mzee Ezekia Chaula alikuwa fundi wa redio na saa. Mkewe alipofariki, nyumba ilibaki na watu wawili: yeye, na binti yake Yustina aliyekuwa akiishi ndani ya simu. Yustina alikuwa Norwe mwaka wa kumi na mbili. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili mazungumzo yalipungua. Umekula, baba? Nimekula. Mvua je? Bado. Haya, baba, ulale salama. Mzee alikuwa akitazama saa ya ukutani simu ikikatika: dakika nne, kisha tatu. Aliogopa kwamba siku moja Jumapili ingepita kimya, na hakuna ambaye angekuwa na kosa.

Ndipo Yustina akamtumia darubini. Ilikuja na kamera ya dijitali, pete ya kuifungia kamera nyuma ya darubini, na stendi nzito yenye mota. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi mbili alizoziandika kwa mkono wake. "Baba," aliandika, "na mimi nimenunua kama hii. Tutakuwa tunapiga picha za nyota na kutumiana. Tutapata la kuzungumza."

Mzee alizisoma karatasi zile mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Zilieleza kwamba dunia inazunguka, kwa hiyo nyota huonekana kuhama. Kamera ikiachwa wazi nusu dakika, nyota huacha mchirizi badala ya nukta. Dawa yake ni mota, inayoigeuza darubini polepole kuzifuata. Lakini kwanza mhimili wa stendi, chuma ambacho darubini huzungukia, uelekezwe kwenye Nyota ya Kaskazini, kwa sababu hiyo haihami; nyingine zote huizunguka. "Ukishaipata hiyo, baba, kazi imekwisha."

Basi mzee akaanza kuitafuta. Kila jioni baada ya kula alitoka uani na koti lake zito, maana baridi ya Matamba haina adabu, akatazama kaskazini. Aliona nyota moja kubwa, nyeupe, akasema ndiyo hii. Akaelekeza stendi, akafunga kamera, akasubiri nusu dakika bila kupumua. Picha ikatoka imejaa michirizi, kama mchele uliomwagwa kwenye sakafu. Na ile nyota isiyohama, alipoitazama tena, ilikuwa imesogea magharibi.

Akadhani amekosea nyota. Kesho yake akachagua nyingine. Nayo ikahama.

Jirani yake, Mzee Mahenge, alipita akamkuta amepiga magoti nyuma ya stendi.

"Chaula, hilo bomba lako bado unalichungulia tu mpaka leo?"

"Natafuta nyota."

"Zote hizo hazikutoshi?"

"Natafuta moja."

Mahenge akacheka, akaenda zake. Mzee hakucheka. Alikuwa ameanza kudhani kwamba macho yake yanakwisha.

Sasa, mtu angeuliza: kwa nini hakumwambia binti yake? Lakini katika ukoo wao zawadi ya mtoto haikosolewi. Ukiletewa koti la kubana unalivaa, likubane. Baba wa Mzee Chaula alizikwa na viatu vilivyokuwa vimemuumiza miaka sita, na hakuwahi kumwambia aliyemletea. Kusema maelekezo ya Yustina hayafanyi kazi ilikuwa sawa na kuirudisha darubini Norwe. Kwa hiyo Jumapili ilipofika na Yustina akauliza, "Umeiona nyota, baba?" mzee alijibu, "Nimeiona, mama." Siku zote alimwita mama, kwa kuwa Yustina alirithi jina la bibi yake, mama wa mzee.

"Na picha?"

"Mawingu yalitanda."

Jumapili ya pili, mawingu. Ya tatu, mawingu. Ya nne Yustina hakuyakubali.

"Baba, ninaangalia hali ya hewa ya Makete hapa kwenye simu. Mwezi mzima hakuna wingu."

Mzee akaitazama saa ya ukutani.

"Kama hupendi kazi hii sema tu, baba. Sitakasirika. Hatulazimiki."

Aliposikia hilo neno, hatulazimiki, alijua simu za Jumapili ndizo zinazoagwa.

"Sijaiona," akasema. "Nimeitafuta wiki nne, mama. Kila ninayoishika inahama. Nadhani macho yangu yamekufa. Sikutaka ujue."



"Baba. Macho yako ni mazima," Yustina akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nyota hiyo haionekani huko kwetu. Iko chini ya upeo wa macho. Haijawahi kuchomoza Matamba tangu uzaliwe. Mimi ndiye niliyesahau. Nimekuandikia kana kwamba unakaa kwangu."

"Kwa hiyo haipo."

"Haipo. Itabidi uielekeze stendi kusini, na ule mhimili uulaze, karibu sawa na ardhi. Hakuna nyota kubwa ya kukuonyesha mahali penyewe. Utapata kwa kujaribu." Kisha akauliza, "Baba, kusini pale nyumbani ni upande upi?"

Mzee aligeuka dirishani, ingawa hakuhitaji kutazama.

"Upande wa kaburi la mama yako."

Mzee akamsikia Yustina akipenga kamasi taratibu, na simu haikukatika.

Kazi ile ilimchukua jioni kumi na moja. Alilaza mhimili, akageuza mota izunguke kinyume na alivyoelekezwa, kwa kuwa sasa inatazama kusini, akachagua nyota moja na kuangalia inakimbilia wapi ndani ya kioo, kisha akasogeza stendi unywele mmoja, kama anavyosogeza mshale wa saa. Jioni ya kumi na moja aliielekeza darubini kwenye mkia wa Nge, kundi la nyota za kusini. Picha ikatokea kwenye kamera: nyota nyingi ndogo, kila moja nukta kamili, zimekusanyika kama kuku wanaokwepa baridi.

Akaituma. Yustina akapiga simu hapo hapo, na haikuwa Jumapili.

"Nzuri sana, baba. Huku hizi hazichomozi kamwe."

"Kwa hiyo huwezi kupiga picha za kwako."

"Siwezi. Wewe nieleze. Nimeanza kusahau zinavyokaa."

Mzee akasimama uani peke yake, simu sikioni, akamweleza mkia unapopindia, nyota ipi ni nyekundu, ipi inakaribia kuzama nyuma ya mlima. Walizungumza mpaka vidole vyake vikafa ganzi. Ile nyota moja waliyotaka kuitazama pamoja hawakuipata. Simu ilipokatika, uani palikuwa na sauti ya mota tu.

Asubuhi Mahenge alimkuta akiyafuta kwa mistari, taratibu, maelekezo ya zile karatasi mbili za binti yake, na pembeni akiandika ya kwake. Akashangaa, kwa kuwa aliujua ukoo ule.

"Chaula, leo unasahihisha zawadi ya mtoto?"

"Aliandika kwa mapenzi," mzee akasema, bila kuinua kalamu. "Ila nyota ya ugenini haielekezi darubini ya nyumbani."