Maneno Matatu ya Mlango wa Bi Arafa

Hapo zamani, mji wa Chokaani ulipokuwa na mitaa mitatu tu na umbea wa kutosha mitaa kumi, palikuwa na desturi. Mtu akimaliza kujenga nyumba haingii mpaka kizingiti cha juu cha mlango kichongwe maneno yake. Si jina lake, si dua. Ni maneno ya namna anavyotaka kuishi. Asubuhi ukitoka unainua macho, unayasoma, unajua leo uuzeje, umjibuje jirani, umsamehe nani. Ukiyavunja, watu hawakutukani. Wanakuonyesha kizingiti chako tu, nawe unakoma.

Na aliyekusaidia kuyapata maneno hayo ndiye hupewa ufunguo. Anafungua yeye, anatanguliza mguu wa kulia yeye, na tangu siku hiyo anaitwa mfungua mlango. Hakuna posa, hakuna arusi, hakuna mtoto wa kupewa jina katika nyumba ile bila yeye kuketi mbele. Mfungua mlango ni mmoja, hawawi wawili.

Basi Bi Arafa, muuza vitumbua, alimaliza nyumba yake. Miaka kumi na tisa aliijenga, kitumbua kwa kitumbua, na binti yake Raya alikuwa aolewe humo baada ya wiki mbili. Arafa akageuza kalenda kuukuu, akaandika maneno yake nyuma. Akaandika subira. Akaandika usafi. Akaandika ukarimu, kuwahi, kutosengenya, na kusengenya kidogo inapobidi. Yalipofika arobaini na moja akampelekea Fundi Vuai, mchonga milango.

Fundi akasoma, akarudia, akauliza, "Bi Arafa, unataka mlango au gazeti?"

"Nataka mlango, fundi. Ila sitaki kusahau kitu."

"Kizingiti husomwa na mtu mwenye haraka, na mara nyingi ana hasira. Maneno matatu. La nne sichongi."

"Basi nitakwenda kwa fundi mwingine!"

"Nenda. Atakuchongea yote arobaini na moja, na hutafuata hata moja. Mimi bora nikose kazi kuliko kukudanganya."

Arafa akaondoka amenuna. Akapunguza, yakabaki ishirini. Fundi akasema, matatu. Akapunguza, yakabaki tisa. Fundi akasema, matatu, wala hakuinua macho kwenye kikombe chake cha kahawa.

Akaenda kwa Shangazi Mboja, aliyemlea tangu mdogo. Shangazi akataka asomewe.

"Subira," Arafa akasoma.

"Subira! Wewe? Wewe ulizaliwa mkunga hajavua viatu. Futa."

"Kuwahi."

"Hata hapa umechelewa. Futa."

"Unyenyekevu."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Likafutwa na hilo, yakafutwa yote tisa. Machozi yakamlenga Arafa, maana aliona kama aliyefutwa ni yeye mwenyewe.

"Usilie, mwanangu. Hayo uliyaandika watu wakusifu. Hebu niambie, kitumbua cha kwanza kila asubuhi unampa nani?"

"Bi Mwaka, shangazi. Si ndiye aliyenipa chuma cha kupikia nilipokuwa sina kitu?"

"Umewahi kuruka siku?"

"Hata nilipougua nilimpelekea."

"Basi huyo ndiye wewe. Mtafutie neno lake."

Arafa akaandika: Shukrani. Njiani akamkumbuka fundi alivyokubali kukosa kazi kuliko kumdanganya, akacheka peke yake, akaandika la pili: Kweli.

La tatu likagoma kuja. Jumatatu ya wiki ya arusi akaanika mchele uani, na aliporudi akakuta nusu umeliwa na nusu umetapakaa. Hakuuliza mtu. Akatoka mbio hadi kwa jirani yake Bi Somoe, mfuga kuku, akamwaga maneno mpaka mtaa ukajaa watu. Bi Somoe hakujibu. Alichukua ungo, akaja uani kwa Arafa, akainama, akaokota mchele punje kwa punje, akaenda zake.

Arafa kugeuka, anamwona mbuzi wake mwenyewe. Kamba imekatika, punje zimemganda midomoni.

Akamfuata Bi Somoe. "Dada, ulijua?"

"Kuku wangu wamo tengani tangu asubuhi. Na mbuzi nilimwona."

"Mbona hukusema?"

"Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza. Ningesema, uso ungeuficha wapi?"

Arafa aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Neno hili hakuwa nalo, na alilitaka kuliko yote. Akaandika: Upole.

Fundi akachonga. Ijumaa ikafika, pilau inanukia nje, ngoma za upande wa bwana arusi zinasikika mtaa wa pili. Raya amepambwa, amekaa kwenye baraza ya jirani, hawezi kuingia kwao. Arafa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi.

Fundi Vuai akasema, "Nipe mimi. Bila mimi ungekuwa na maneno arobaini na moja, yaani huna hata moja. Nami nilikwambia kweli iliyotaka kunikosesha kazi. Bi Somoe aliificha."

Shangazi Mboja akasema, "Wewe fundi ulisema matatu, hukusema yapi! Nipe mimi, Arafa. Hao wamekujua juzi. Mimi ndiye niliyekuonyesha Arafa aliyekuwamo ndani siku zote. Shukrani umeichonga, sasa unaniweka nyuma?"

Bi Somoe akasema, "Mimi sidai. Wape wakubwa. Nitasimama nyuma niwashikie viatu."

Hapo Raya akapaza sauti kutoka barazani. "Mama! Asiyedai ndiye anyimwe? Hao wawili wamekuonyesha ulivyo. Yeye kakuonyesha unavyoweza kuwa."

Arafa akafanya kama desturi inavyotaka, akainua macho asome. Kweli ikamwelekeza kwa fundi. Shukrani ikamwelekeza kwa shangazi. Upole ukamwelekeza kwa Somoe, kisha ukamkataza kumvunja moyo yeyote. Akasoma tena. Moyo ulimuuma, kwani wote watatu aliwapenda, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Ngoma zikakata kona.

Ufunguo ni mmoja, jamani, na pilau inaungua. Msaidieni Bi Arafa. Ila asinijibu mtu kabla hajaniambia juu ya mlango wake mwenyewe pameandikwa nini.

Je, nani alistahili kufungua?