Mkaja wa Mwajabu

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, kuna shauri la kuamua.

Mwajabu alifiwa na mama yake akiwa mchanga, akalelewa Lushoto na mama zake wadogo watatu. Alipokua alitaka kazi ya mapokezi katika hoteli ya watalii, lakini vitenzi vya Kiingereza vilimshinda.

Wa kwanza, Zena, mwalimu, alijua maana za vitenzi hivyo. Alimweleza kwamba sisi tunasikia sauti, harufu hata baridi, lakini Waingereza wana vitenzi vitatu, na kila kimoja kina mahali pake. Alieleza mpaka sauti ikamkauka.

Hidaya alifua mashuka ya watalii. Maana zilimpita, lakini matumizi aliyajua. "Mgeni haambiwi 'kaa' kavukavu hivyo, mwanangu," alisema. "Hapo umemfukuza. Muulize kama angependa kukaa."

Kibibi hakujua hata kitenzi kimoja. Alikaanga maandazi yaliyowalisha wote. Ili Mwajabu apate nafasi ya kusoma, alimtoa shule Sikudhani, binti yake wa kumzaa, aje kukanda unga. Kila alfajiri alimsimamia Mwajabu akisoma kwa sauti. "Sijui unasema nini, lakini hapo umegugumia. Rudia."

Mwajabu akaajiriwa. Hukohuko hotelini akapata mchumba. Siku ya mahari mshenga akaja na mkaja, kile kitambaa anachopewa mama wa bibi harusi kwa ajili ya malezi. Mkaja ni mmoja, haukatwi wala hawapewi watu wawili.

"Bila maana angesema nini huyu?" akauliza Zena.

"Maana umemfundisha miaka, mbona hakuajiriwa mpaka nilipomwonyesha mimi?" akajibu Hidaya.

Kibibi alikuwa akimtazama Sikudhani akisukuma chapati za wageni. "Mimi nimetoa mtoto," akasema.

"Hilo hatukukutuma, Kibibi," akasema Zena.

Mshenga akamgeukia Mwajabu. "Haya, bibi harusi, mama yako ni yupi hapa?"

Mwajabu, anayejua kumjibu mgeni wa nchi yoyote, akainamisha kichwa. "Amueni wenyewe, mama zangu."

Kibibi akanyoosha mkono kuuchukua mkaja. Ndipo Sikudhani akasema, bila kuacha kusukuma: "Mama, wewe ukipewa hicho, mimi napewa nini?"

Mkono wa Kibibi ukabaki hapohapo hewani, na mshenga bado ameshika kitambaa.

Je, wewe ungempa nani? Na Sikudhani ungemjibu vipi?