Robo ya Ng'ombe wa Umaima

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi wa yaliyopita, kwamba katika mji mmoja mdogo wa milimani, huko Yemen ya zamani, aliishi mshona viriba aitwaye Thabiti bin Wahbi. Viriba vyake vya ngozi vilisifiwa kwa kutovuja maji, naye mwenyewe alijulikana kwa kunyamaza. Mkewe, Umaima, ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Alicheka kwa sauti, alijua habari za kila mgonjwa wa mtaani, na kila asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe wake, alimpelekea bakuli la maziwa Bi Khaula, ajuza kipofu aliyekaa nyumba ya pili.

Ng'ombe yule alikuwa mali ya Umaima mwenyewe. Alipoposwa na kuulizwa mahari anayoitaka, hakutaja dinari wala bangili. Alitaka ndama jike. Thabiti alishona viriba msimu mzima, akamnunua. Ndama akakua, akazaa, na maziwa yake yakawa ndiyo kitoweo cha nyumba.

Kisha homa ikaingia mjini, na Umaima akafariki dunia. Baba yake alikwisha kutangulia mbele ya haki. Mama yake, Bi Atika, alikuwa hai. Umaima alimwachia mumewe binti mdogo aitwaye Lubna, na mtoto wa kiume, Harithi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutambaa.

Watu wa mji ule walikuwa Waislamu wenye kuswali na kufunga. Lakini walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyejua ilianzia wapi. Palikuwa na sufuria kubwa ya shaba, mali ya mji mzima. Mtu akifa, sufuria ile hubebwa siku ya tatu na kufudikizwa mlangoni pa wafiwa. Hukaa hapo hadi arobaini, ndipo wafiwa wachinje mnyama mkubwa, waijaze nyama, na mji wote uje kula. Wafiwa wenyewe hula mwisho, kile kilichogandamana chini. Na ikitokea nyumba ikarudisha sufuria bila ya kuipika, maiti wa nyumba hiyo hatajwi tena, si barazani wala katika dua za mji. Huwa kama mtu ambaye hakuwahi kuishi.

Siku ya tatu, Ghalibu, mkuu wa mtaa, alifika na watu wake. Sufuria ikatuliwa mlangoni kwa kishindo.

"Thabiti, Mungu akupe subira," alisema Ghalibu. "Amana ya mji ndiyo hii. Na ng'ombe tunamwona pale, alhamdulillahi, amenona. Wenzako huhangaika kutafuta mnyama."

"Ng'ombe yule si wangu, Mzee Ghalibu."

"Si wako? Wa nani, wa sultani?"

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani.

"Alikuwa wa marehemu, na sasa ni wa warithi wake," alijibu Thabiti. "Mimi nina robo. Mama mkwe wangu ana sudusi, sehemu moja ya sita. Inayobaki yote ni haki ya Lubna na Harithi. Hao ni watoto, hawawezi kutoa mali yao, wala mimi siwezi kuwatolea."

"Si wewe uliyemnunua?"

"Nilimnunua nikampa mwenyewe. Tangu siku ile nimekuwa mgeni tu kwenye maziwa yake."

Kijana mmoja aliyesimama nyuma akapaza sauti: "Basi chinja robo yako! Tupe mguu mmoja, huyo ng'ombe tutamwegemeza ukutani!"

Safari hii walicheka wote. Thabiti alingoja wanyamaze.

"Mkitaka kumfanyia wema Umaima," alisema, "Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ulipomfikia msiba wa Jaafar, binamu yake, aliwaamrisha watu wawapikie wafiwa chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Katika nyumba hii moto haujawashwa tangu siku ya maziko."

Waliangaliana. Hapana aliyekuwa ameleta hata mkate. Si kwamba walikuwa wachoyo. Desturi yao iliwafundisha kungoja kulishwa, nao wakangoja.

"Dini tunaijua, Thabiti," Ghalibu alisema taratibu, karibu kwa huruma. "Lakini huu ni mji wetu, na sisi tuna mambo yetu. Ukiirudisha sufuria hii tupu, jina la mkeo halitatajwa hapa. Usije ukasema hukuambiwa."

Maneno hayo ndiyo yaliyompata. Dhihaka ya yule kijana ilipita, lakini hili lilibaki. Umaima, ambaye sauti yake ilisikika kabla hajaonekana, afutwe ulimini mwa watu, na mkono wa kumfuta uwe ni wa mumewe.

Kesho yake alikuja Bi Atika. Hakuketi.

"Nilizaa watoto wengi, na Umaima ndiye pekee aliyenibakia hadi juzi," alisema. "Leo naambiwa unanipimia sudusi?"

"Ni Mola aliyeipima, Mama."

"Kisimani wanawake wanasema ng'ombe unamhifadhi umposee mke mwingine. Kweli si kweli?"

"Si kweli, Mama."

"Basi mchinje, wanyamaze!"

"Nikimchinja watanyamaza. Na Harithi atakunywa nini?"

Bi Atika alimtazama mjukuu wake aliyelala mkekani, akayageuza macho upesi. "Mimi fungu langu nalitoa. Lichukue."

"Mungu akulipe. Na langu nalitoa. Tukiyaunganisha, Mama, bado hatufiki nusu ya ng'ombe. Inayozidi nusu ni ya mayatima wa binti yako."

"Wewe umezoea kukata ngozi kwa kipimo," alisema Bi Atika. "Ukadhani na msiba hukatwa vivyo hivyo." Akaondoka, akawa haji tena.

Thabiti alikaa na jambo lile siku kadhaa. Asubuhi moja, akitoka kuswali Alfajiri, alipita penye sufuria, akakumbuka kicheko cha yule kijana: chinja robo yako. Akasimama. Ni kweli kwamba ng'ombe hawezi kuchinjwa robo. Lakini robo yake huweza kukamuliwa.

Alikichukua kibuyu cha kukamulia, akapima kwa maji, akakichora alama mbili kwa kisu. Ya kwanza ilionyesha fungu la mama mkwe, ya pili fungu lake yeye. Yote yaliyozidi juu ya alama yalikuwa ya watoto. Kisha akakamua, akagawa, akachukua bakuli lenye fungu lake hadi kwa Bi Khaula.

"Nani huyo?"

"Ni mimi Thabiti, Bi Khaula. Nimeleta maziwa ya Umaima."

Ajuza alinyoosha mikono, akalipapasa bakuli ukingoni kana kwamba anamtambua mtu. "Nilidhani limekwenda naye," alisema. Akanywa mafundo machache, akaacha yaliyobaki kwa ajili ya ajuza wengine wawili waliozoea kumjia asubuhi, akainua viganja: "Ewe Mola, mrehemu Umaima, umpe nuru kaburini."

Fungu la Bi Atika lilipelekwa na Lubna. Mtoto alirudi nalo vilevile.

"Bibi amekataa. Amesema hakuomba maziwa." Lubna akalitazama bakuli. "Nimpe Harithi?"

"Hapana, mwanangu. Ya bibi ni ya bibi hata akiyakataa."

Kwa kuwa maziwa hayakai, Thabiti alishona kiriba kidogo cha kusukia. Kila siku Lubna alipeleka bakuli, kila siku likarudishwa, na kila siku Thabiti aliyatia maziwa yale kiribani yagande, akayasuka, akatoa siagi, akaichemsha ikawa samli. Samli akaitia katika mtungi wenye kifuniko, akauweka mahali pa juu. Hapana aliyeuonja.

Watoto wa mtaa walipita wakiigonga sufuria kwa vijiti, "Tupu! Tupu!" Kisimani maneno yaliendelea. Thabiti alishona viriba vyake. Alipokula, alichovya mkate katika maji ya chumvi.

"Baba, mbona wewe hunywi maziwa?" aliuliza Lubna siku moja.

"Fungu langu nampa mama yako."

"Anayapata?"

"Yanamfikia, inshaallah."

Ikawadia siku ya arobaini. Ghalibu alikwisha kutangaza kwamba baada ya Alasiri sufuria itachukuliwa, imepikwa au haikupikwa. Asubuhi yake, Thabiti aliubeba mtungi, akamshika Lubna mkono, akaenda kubisha kwa mama mkwe wake.

Bi Atika alifungua mlango nusu. Akafunua mtungi, harufu ikamjia.

"Samli? Umekuja kuninunua kwa samli?"

"Si yangu hata nikununue kwayo, Mama. Ni amana yako. Ndiyo maziwa uliyoyarudisha. Niliogopa yasiharibike mikononi mwangu."

Bi Atika alichovya kidole, akakitazama. "Yote haya?"

"Yote."

"Na fungu lako wewe liko wapi? Umeficha mtungi wa pili?"

Lubna ndiye aliyejibu, maana watoto hawajui kuficha: "La Baba anakunywa Bi Khaula. Ni la Mama. Baba anakula mkate na chumvi."

Bi Atika akaketi pale pale kizingitini. Tangu maziko watu walikuwa hawajaona chozi lake, wakasema ana moyo mgumu. Alilia sana. Kisha akasema: "Nimeacha waseme kwamba unakula mali ya binti yangu. Nami nikasema pamoja nao." Akajifuta uso kwa upindo wa nguo. "Lubna, niletee ushungi wangu."

Walipopita kwa Bi Khaula, wale ajuza watatu walikuwa mlangoni, bakuli likizunguka baina yao.

"Nasikia hatua ngeni," alisema Bi Khaula. "Nani?"

"Ni Atika."

"Mama yake Umaima! Karibu, ndugu yangu. Hapa kwetu binti yako hatajwi mara moja kwa mwaka. Hutajwa kila kunapokucha."

Bi Atika aliushika mkono wa kipofu, akaubusu, akaendelea na njia.

Baada ya Alasiri, Ghalibu na watu wake walifika, wakainama kuibeba sufuria.

"Msiiondoe," alisema Bi Atika kutoka mlangoni. "Ipindueni."

"Kuna ng'ombe, Bi Atika?"

"Kuna samli. Hii ni yangu peke yangu, hakuna yatima ndani yake, nami naitoa kwa ridhaa. Unga sina. Aliyempenda Umaima na alete unga, lakini alete ulio wake mwenyewe."

Mwanamke mmoja aliondoka, akarudi na kibaba cha unga wa mtama. Akafuata mwingine, na mwingine. Mtu akaleta tende. Wale wale wa kisimani walikuja wameinamisha vichwa, kila mmoja na kapu lake. Moto ukawashwa, asida, ugali laini wa unga ule, ikasongwa, samli ikamiminwa.

"Na nyama je, Bi Atika?" aliuliza yule kijana wa siku ile.

"Nyama yako ile pale inacheua. Inamlea mjukuu wangu. Una neno nayo?"

Walicheka, na kijana akacheka pamoja nao, akaenda kuongeza kuni.

Ghalibu alikohoa. "Sawa. Ila wafiwa, kwa desturi, watakula mwis..."

"Wafiwa watakula kwanza," alisema Bi Atika. "Haya Mtume alituamrisha tangu zamani, tukawa tunayasoma na kuyaacha msikitini. Huyu mkwe wangu ameyaleta nyumbani, nasi tumemgongea sufuria." Akapakua bakuli la kwanza, akalitia samli kwa wingi, akamwekea Thabiti mbele yake kwa mikono yake mwenyewe. "Kula, mwanangu. Hujaonja samli tangu alipoondoka."

Thabiti alisema Bismillahi, akala. Ndipo machozi yake nayo yakatoka, mbele ya watu, naye akayaacha.

Mji ukala. Ghalibu alipokea bakuli lake mwisho kabisa, akalishika bila ya kula. Watu wakawa wanamtazama, kwani yeye ndiye aliyesema jina lile halitatajwa. Ghalibu akaliweka bakuli chini, akainua mikono.

"Ewe Mola," alisema, "mrehemu Umaima."

Wakaitikia wote: "Amin."

Wapokezi wa kisa hiki wanasema sufuria ile haikuvunjwa wala kufichwa. Iliendelea kubebwa kwenda milangoni pa wafiwa, isipokuwa tangu siku ile ilikuwa ikifika imejaa, majirani wameipika makwao. Wanasema pia kwamba Thabiti hakuacha kupeleka bakuli kwa Bi Khaula, na kwamba Harithi alikua, akarithi kukamua, na kibuyu kile chenye alama.

Aliyefiwa hutamani kumfanyia aliyemtangulia jambo kubwa, na watu hawakosi kumwonyesha jambo lenyewe. Ni vigumu kulikataa, kwa sababu kulikataa hufanana na kutopenda. Thabiti alipewa na dini yake kitu kidogo tu cha kushika katika siku zile: asiguse kisichokuwa chake, na kilicho chake akitoe. Kilimtosha kuamkia kila asubuhi. Mola awarehemu waliotutangulia, na sisi tuliobaki atujaalie tuwatimizie haki zao ndogo kwa subira, na atukutanishe nao pahali ambapo hakuna kuagana.