Nani Ameshika Moshi

"Kabla hujaonja asali, uliza nani ameshika moshi."

Bibi Kalunde alituambia hivyo sisi wanne tuliompelekea mkataba wetu wa mkopo atusaidie kuusoma kabla hatujatia saini. Sizya, asiyejua kunyamaza, akacheka.

"Bibi, sisi tunatengeneza mishumaa. Nyuki tutawatoa wapi?"

"Nyuki mnao. Hamjui tu kwamba mnao."

Tukamwuliza msemo huo umetoka wapi. Alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi zetu. "Umetoka hapa hapa Ilumba," alisema, "na mimi nilikuwapo." Akatusimulia hivi.

Mihayo alikuwa mrina asali kama baba yake, ila alichoka kuona asali ya Ilumba ikiuzwa kwa ndoo kando ya barabara. Akawakusanya warina asali thelathini, wakaanzisha kampuni. Kila mmoja alileta mizinga yake, na kampuni ikagawanywa hisa elfu moja baina yao. Mimi nilikuwa karani, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne.

Sasa, huku kwetu kuna desturi. Mtu anaweza kutundika mzinga wake kwenye mti wa mwenzake, lakini siku ya kurina, mwenye mti ndiye anayeshika kienge cha moshi. Yeye ndiye anayeamua mzinga ufunguliwe lini. Akishusha moshi, kisu kinasimama, na masega yaliyobaki ni chakula cha nyuki. Mwenye mzinga anachukua alichopata na kushukuru. Hakuna aliyeuliza moshi utashikwa na nani. Uulize nini, na mti unajulikana ni wa nani?

Kampuni ilihitaji mtambo wa kuchuja na mapipa. Benki zilidai hati za nyumba, nasi nyumba zetu hazikuwa na hati. Ndipo alipokuja Bwana Eliakim kutoka mjini. Alikuwa mpole. Alikula ugali wetu, akamsifu kila mama kwa jina lake. Akatupa shilingi milioni arobaini na karatasi mbili.

Karatasi ya kwanza ilisema kwamba baada ya miaka miwili, deni na riba yake, jumla milioni arobaini na nane, litalipwa kwa fedha, au litageuzwa hisa mpya kwa bei ya siku ile ya kukopa, laki moja kwa kila hisa. Ya pili ilimpa haki ya kununua hisa nyingine mia sita wakati wowote ndani ya miaka mitano, kwa bei ile ile, hata kama hisa zitapanda.

Nilisoma kwa sauti mbele ya wote. Nilipofika kwenye maneno "kwa hiari ya mkopeshaji," nikasita.

"Mzee, hapa wanasema hiari ni yake."

Mihayo akanitazama kama anavyotazamwa mtoto anayeogopa kivuli. "Kalunde, binti yangu, mti ni wa nani?"

"Wetu."

"Basi soma mbele."

Wazee wakacheka. Nami nikasoma mbele.

Miaka miwili ile ilikuwa mizuri, siwezi kusema uongo. Asali yetu ilifika mbali kwenye chupa zenye nembo, na hisa ya laki moja ikawa na thamani ya laki tatu. Warina asali walijinyima ili deni liishe. Mihayo aliuza ng'ombe wake wawili. Siku ilipofika, fedha zote zilikuwa mezani, milioni arobaini na nane, zimefungwa kwa kamba za magome.

Bwana Eliakim hakuzigusa.

"Mzee Mihayo, fedha hizo kaa nazo. Nimechagua hisa."

"Deni likilipwa limekwisha, mwanangu."

"Limekwisha, ndiyo. Limegeuka hisa mia nne na themanini. Na leo hii nanunua zile mia sita."

Mihayo alinigeukia. "Kalunde, piga hesabu."

Nikapiga. "Yeye elfu moja na themanini, Mzee. Sisi elfu moja. Sasa kampuni, na hata fedha hizi, mwenye kauli ni yeye."

"Lakini tumelipa! Fedha hizi hapa!"

"Nani alisema kuchagua ni kwenu?" Bwana Eliakim aliuliza kwa upole ule ule. "Mlisomewa."

Ni kweli. Tulisomewa, tena na mimi.

Kiangazi kilipokaza, maua yamekwisha msituni na nyuki wanaishi kwa akiba yao, Bwana Eliakim aliagiza mizinga irinwe mara ya pili. Alikuwa na mnunuzi anayengoja. Warina asali wetu walikataa, akaleta vibarua. Mihayo aliwafuata hadi kwenye mti wa baba yake. Akamsihi yule aliyeshika kienge, "Nipe moshi huo, kijana. Mnawamaliza." Kijana akamjibu, "Kaa mbali, mzee, utaumwa." Kisu kikaendelea kukata hadi kwenye masega ya watoto wa nyuki, yale yasiyo na asali.

Mihayo akaketi chini. Alisema polepole, kama anayejisomea mwenyewe: "Kabla hujaonja asali, uliza nani ameshika moshi."

Nyuki walihama msitu mzima. Mnunuzi alipokosa asali, Bwana Eliakim aliuza mtambo na mapipa, akaenda zake. Warina asali wengi walikwenda kulima tumbaku kwenye mashamba ya watu. Mihayo aliendelea kutundika mizinga kila mwaka na kuipaka nta ili kuwaita nyuki. Miaka mitatu hakuingia hata mmoja. Mwaka wa nne tulimzika. Mizinga yake bado iko juu, mingine imepasuka. Mimi sipiti njia ile.

Bibi Kalunde alivaa tena miwani, akamsogezea Sizya mkataba wetu.

"Soma. Utafute neno hiari."

Sizya alisoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kikasimama. Hakucheka tena.

"Ni ya mkopeshaji, Bibi."

"Basi mrudieni mkamwambie aiandike kuwa yenu."

"Na akikataa? Hatuna fedha nyingine. Tutarudi kukaa bure."

"Mtakaa bure, na ni vibaya, siwadanganyi. Lakini mtakuwa mmejua mkiwa bado na mti wenu. Mihayo alijua akiwa ameketi chini yake, moshi uko mkononi mwa mtu mwingine."

Sizya alifunika kalamu, akaukunja mkataba mara mbili na kuutia mfukoni bila saini. Tulipofika mlangoni aligeuka, akasema taratibu, si kwa mzaha: "Kabla hujaonja asali, uliza nani ameshika moshi."

Bibi Kalunde aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyafuta.